Mbwa Mmoja, Mipaka Minne

Muhula huu limetokea jambo ambalo limezungumzwa sana bwenini, jikoni na katika chumba cha walimu, nami naona si vema nikae kimya, kwa kuwa nimepata kuliona jambo hilo hilo mahali pengine, tena kwa karibu.

Wengi wenu mwalijua. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliumwa na mbwa mguuni. Habari haikujulikana mpaka siku ya tatu, mpishi alipomwona akichechemea katika foleni ya uji, akamshika mkono, akamteremsha soksi. Alipelekwa hospitali siku ile ile, akaanza kupigwa sindano, na leo acheza mpira kama wenzake. Twamshukuru Mungu. Lakini wazazi walipokutana, mzee mmoja alisimama akatoa shauri kwamba mbwa wote wa "jamii kali" waondolewe katika nyumba za walimu na katika nyumba za majirani wanaopakana na shule. Akawataja: Rottweiler, Pit Bull, na yule tunayemwita Mjerumani. Watu wakapiga makofi. Shauri hilo litarudi mkutanoni muhula ujao, na likikubaliwa, mbwa wanne wataondoka, na pengine wawili kati yao watauawa, maana hawana pa kwenda.

Mimi nalipinga shauri hilo. Nasema mapema kwamba sina mbwa, wala sijafuga mbwa tangu nianze kazi hapa. Basi sitetei mali yangu. Wala simdharau mzee yule. Uchungu wake ni wa mzazi, na mimi ni mzazi pia. Wahenga walisema: Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini nimewahi kusafiri na mbwa wa jamii iliyokatazwa, katika nchi zilizofanya shauri kama hilo kuwa sheria, na yale niliyoyaona njiani yamenifanya nifikiri sana.

Mwaka 2018 nilikuwa masomoni Ujerumani, karibu na mji wa Hannover, katika jimbo la Niedersachsen. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja Mturuki. Alikuwa amefika Ujerumani mwaka 1972, kijana wa miaka 22, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikichukua wafanya kazi kutoka Uturuki kwa mapatano ya mwaka 1961. Alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na mwenzake nyumbani alikuwa mbwa aitwaye Aslan, yaani Simba kwa Kituruki.

Aslan alikuwa mbwa wa jamii ya Kangal. Hao ni mbwa wa wachungaji, na jina lao latoka katika mji wa Kangal, mkoa wa Sivas, nchini Uturuki. Rangi yao ni kama mchanga mkavu, na uso ni mweusi kama uliopakwa masizi. Dume laweza kupita kilo 50. Kazi yake si kuswaga kondoo, bali ni kukaa kati yao mchana na usiku, na kusimama mbele ya mbwa mwitu. Nilipomwona mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua tatu. Mzee akacheka, akaniambia, "Mwanangu, huyu hana haja nawe. Wewe si mbwa mwitu, wala huna kondoo." Baada ya juma moja nilikuwa nikisoma vitabu vyangu uani, naye amelala miguuni pangu.

Mwaka ule miguu ya mzee ilimwuma sana, akawa hawezi tena kumtembeza mnyama mwenye nguvu zile. Binti yake alikuwa ameolewa Uswidi, shambani, nao walikuwa na kondoo. Ikaamuliwa kwamba Aslan apelekwe huko. Mzee akaniomba nimwendeshee gari. Nami nikakubali kwa furaha, nikidhani kwamba kazi kubwa itakuwa ni petroli na usingizi.

Usiku wa kuamkia safari nilimkuta mezani na karatasi nyingi. Kulikuwa na pasipoti ya Aslan, kwa maana katika nchi za Umoja wa Ulaya mbwa asafiriye huwa na pasipoti yake. Ndani yake imeandikwa tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na namba ya chipu ndogo kama punje ya mchele iliyotiwa chini ya ngozi ya shingo, ili daktari wa mifugo yeyote aweze kumtambua. Hayo niliyaona mema kabisa. Lakini karatasi nyingine zilikuwa za sheria, na mzee alikuwa amechora mstari wa safari yetu juu ya ramani, kisha kila mahali mstari ulipokata mpaka ametia alama kwa kalamu nyekundu.

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Katika jimbo la Niedersachsen, tulikoanzia, hakuna orodha ya jamii za mbwa hatari. Aslan hapo ni mbwa, basi. Tulipokwenda kaskazini kwa muda wa saa mbili hivi, tukaingia Hamburg, mji ambao ni jimbo lenye sheria zake. Hapo Kangal yumo katika orodha ya mbwa ambao hudhaniwa kuwa hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tulisimama kujaza petroli, na mzee, kabla ya kufungua mlango, alimvisha Aslan kifunga mdomo, yaani kikapu kidogo cha mikanda ya ngozi, asije mtu akamshitaki. Tukatoka Hamburg, tukaingia jimbo la Schleswig-Holstein, ambalo liliifuta orodha yake tangu mwanzo wa mwaka 2016. Aslan akawa mbwa tena. Mzee akamvua kifunga mdomo, akampa maji.

Huko Puttgarden tukaingia katika feri, na baada ya dakika kama 45 tukashuka Rødby, nchini Denmark. Hapo mambo yakabadilika kabisa. Denmark ilikuwa imekataza jamii mbili tangu mwaka 1991, na tarehe 1 Julai 2010 ikaongeza nyingine 11, hata zikawa 13. Kangal ni mmojawapo. Hali kadhalika yumo Boerboel, mbwa wa wakulima wa Afrika ya Kusini. Mbwa wa jamii hizo hawezi kuletwa wala kufugwa nchini humo, na akikutwa anaishi humo kinyume cha sheria, polisi hutakiwa wamwue. Ila sheria yaruhusu mbwa kama huyo apitishwe tu, akiwa ndani ya gari, na kutolewa kidogo kwa haja yake.

Basi tukapita. Mzee, ambaye toka Hannover alikuwa akinisimulia habari za ujana wake, alinyamaza kimya. Kila tulipopitwa na gari la polisi aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. Tulisimama mara moja tu. Alimtoa Aslan kwa kamba fupi, mdomo umefungwa, akawa anatazama saa yake kama msimamizi wa mtihani. Palikuwapo msafiri mwingine mwenye kijibwa cheupe kisichozidi paka kwa ukubwa. Kijibwa kile kilimrukia Aslan kwa hasira, kikabweka na kutaka kumwuma miguu, na bwana wake akacheka tu. Aslan alikitazama, kisha akatazama pembeni.

Sitaki kuwadanganya. Sisemi kwamba kijibwa kile kilikuwa hatari kuliko Aslan. Kama Aslan angaliuma, jeraha lingalikuwa kubwa mara kumi. Jambo hilo nitalirudia. Nasema tu yale niliyoyaona: mmoja alikuwa na hatia kabla ya kutenda, na mwingine akatenda na hakuonekana kuwa na hatia.

Tuliporudi garini ndipo mzee akafumbua kinywa. Akasema, "Mwanangu, mimi nilipoandikishwa kazi kule Istanbul, daktari alitufungua vinywa akatutazama meno. Hakuniuliza kama mimi ni mtu mwema. Hakuniuliza kama najua kusoma. Meno tu." Kisha akanyamaza tena mpaka Copenhagen.

Jioni tulivuka daraja kubwa la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000, tukaingia Uswidi, tukaiarifu forodha kama itakiwavyo. Uswidi haina orodha kama ile. Aslan alishuka shambani usiku, akanusa majani, akaenda kulala karibu na zizi bila ya kuonyeshwa. Kwa siku moja tulikuwa tumevuka mipaka minne, na mnyama yule yule, mwenye meno yale yale na tabia ile ile, alikuwa mbwa wa kawaida, kisha hatari, kisha wa kawaida, kisha marufuku, kisha wa kawaida tena. Wakati wa kurudi mzee alikaa kando yangu na kamba mkononi, haina mbwa.

Sasa niseme fikira zangu.

Kwanza, sheria hizo hazikuwekwa na wajinga wala watu wakatili. Ziliwekwa baada ya misiba. Mwezi Juni mwaka 2000, huko Hamburg, mtoto wa miaka 6 aliuawa na mbwa wawili, naye alikuwa mahali pa michezo pa shule. Nani asiyeona uchungu wa jambo hilo? Mwaka uliofuata serikali kuu ya Ujerumani ikakataza jamii nne za mbwa zisiingizwe nchini, na majimbo mengi yakaweka orodha zao. Lakini angalieni jambo moja. Mwenye mbwa yule alikuwa amekwisha kuamriwa na wakuu wa mji amfunge kamba na kumvika kifunga mdomo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufanya ukali. Hakutii, wala hapana aliyehakikisha kwamba ametii. Mtoto yule hakufa kwa sababu orodha haikuwapo. Alifa kwa sababu amri iliyokuwapo haikufuatwa.

Pili, orodha haina mwisho. Uingereza iliweka sheria yake mwaka 1991, ikataja jamii nne. Kwa kuwa si rahisi kujua damu ya mbwa kwa kumtazama, hupimwa umbo lake: kichwa, kifua, miguu, na akionekana kufanana, ni juu ya mwenyewe kuthibitisha kwamba siye. Miaka 32 ikapita. Wafugaji wakazalisha mbwa wa umbo jingine, mkubwa, aitwaye XL Bully, ambaye hakuwamo katika orodha, na baada ya misiba mingine naye ikabidi aongezwe. Tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila ya kibali katika Uingereza na Wales. Ukiziba tundu moja la ghala, panya hutoboa jingine. Afadhali ufuge paka.

Tatu, wako waliojaribu wakarudi nyuma. Uholanzi ilikuwa na sheria ya jamii za mbwa tangu mwaka 1993. Mwaka 2008 serikali yao ikaamua kuifuta, kwa maana haikuona kwamba watu wanaoumwa wamepungua. Italia iliacha orodha yake mwaka 2009, ikaweka mzigo juu ya mwenye mbwa. Mji wa Denver, Marekani, uliokataza Pit Bull tangu mwaka 1989, uliulizwa kwa kura mwaka 2020, na wananchi wakaamua kwamba waweze kufugwa kwa kibali maalum. Hao wote hawakuwa wapenzi wa mbwa kuliko wa watoto wao. Waliona tu kwamba dawa haiponyi.

Nne, elimu ya sayansi haikubali sana kwamba jamii yatosha kutuambia tabia. Mwaka 2022 wataalamu walitoa habari za uchunguzi mkubwa: wenye mbwa zaidi ya 18,000 waliulizwa maswali juu ya tabia za wanyama wao, na mbwa zaidi ya 2,000 wakachunguzwa chembe zao za urithi. Ilionekana kwamba jamii ya mbwa yaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Nyingine yote yatoka kwingine, na malezi yamo. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, lakini walisema: Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema mbwa wa rangi fulani, wala wa kichwa kikubwa. Walimtazama msasi.

Tena angalieni hapa hapa Afrika. Huko Namibia, Mfuko wa Kuhifadhi Duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa jamii ya Kangal na ndugu zake tangu mwaka 1994. Mbwa hao hukua pamoja na mbuzi, na huwakinga na duma na bweha. Mfugaji ambaye mbuzi wake hawaliwi hana haja ya kumpiga duma risasi. Basi mbwa mmoja huokoa mbuzi na duma pia. Mnyama yule yule ambaye Denmark angeuawa kwa jina lake, Namibia huombwa na kungojwa. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa na jibwa lililolala zizini na mbuzi, na fisi walilijua sauti. Sisi watoto tulilipanda mgongoni. Hakuna aliyepata kutuuliza ni la jamii gani.

Niliahidi kulirudia jambo la ukubwa. Ni kweli kwamba mbwa wa kilo 50 akikosea, kosa lake ni kubwa. Kwa hiyo sioni vibaya mbwa mkubwa kufungwa kamba na kuvishwa kifunga mdomo penye watu wengi, wala mwenyewe kutakiwa awe na ua imara na lango lenye kitasa. Huko si kumhukumu. Gari kubwa nalo lina sheria zaidi ya baiskeli, wala hatusemi kwamba lori lina moyo mbaya. Lile jimbo la Niedersachsen, lisilo na orodha, halikuwaacha watu wajifanyie wapendavyo. Kila mbwa aliyezidi miezi sita lazima awe na chipu na bima, na tangu mwaka 2013 mtu aanzaye kufuga mbwa hufanyiwa mtihani, wa maswali na wa vitendo. Ndiyo, wanafunzi, mmesikia vema: anayetahiniwa ni mwenye mbwa, na aweza kushindwa! Mzee wangu alisamehewa mtihani huo kwa kuwa alikuwa amefuga mbwa miaka mingi, naye alijivuna kama mtu aliyepata daraja la kwanza.

Sasa turudi shuleni kwetu. Je, ni mbwa gani aliyemwuma mwanafunzi wetu? Si Rottweiler wa jirani, ambaye siku ile alikuwa amefungwa. Si Mjerumani wa mwalimu mwenzangu. Alikuwa mbwa koko mdogo, mwekundu, aliyezoea kula makombo nyuma ya jiko, ambaye wanafunzi walikuwa wakimtupia ugali. Hapana aliyemwogopa. Juma lile lile alionekana akitokwa na mate na kuyumba, kisha hakuonekana tena. Kama shauri la mzee yule lingalikuwa sheria tangu mwaka jana, mbwa wanne wangalikuwa wamekwisha kuondoka, na yule wa tano angalibaki nyuma ya jiko vile vile, naye ndiye aliyeuma.

Adui yetu hapa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na watu wanne katika kumi wauawao ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, dawa hapana, mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, sindano huokoa. Ndiyo maana nilitetemeka niliposikia kwamba kijana wetu alificha jeraha lake siku tatu.

Kwa nini alificha? Nilimwuliza mwenyewe. Akanijibu kwamba aliumwa nje ya mipaka ya shule, alipopita katika tundu la ua kwenda dukani, akaogopa adhabu. Ndugu walimu wenzangu, jibu hilo lilinikosesha usingizi. Kijana aliona fimbo iliyo karibu kuliko mauti yaliyo mbali. Hilo ni kosa letu sisi watu wazima kuliko lake.

Tena nataka mjue kwamba ugonjwa huu hushindika, wala si lazima kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Kisiwani Pemba walichanja mbwa kila mwaka, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje. Wakachanja tena, na mwisho wa mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili. Hawakuuliza mbwa ni wa jamii gani. Walichanja mbwa, basi: mkubwa na mdogo, wa tajiri na wa maskini, wa uani na wa jalalani. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, badala ya lile moja.

La kwanza, kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambayo ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, shule ishirikiane na bwana mifugo wa wilaya kuchanja mbwa wote walio karibu nasi. Wanafunzi wa kidato cha tatu waweza kuandika daftari: jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, tarehe ya chanjo. Na mbwa asiye na mwenyewe, shule iwe mwenyewe au isimlishe.

La pili, mbwa akimtisha au akimwuma mtu, mwenyewe aitwe na kuulizwa, na akiwa na hatia alipe gharama za matibabu, awe mwalimu au jirani, na mbwa awe mkubwa au mdogo. Akirudia, ndipo anyang'anywe. Hapo mbwa atakuwa amehukumiwa kwa tendo lake, na mwenyewe kwa uzembe wake.

La tatu, mwanafunzi atakayeumwa na mbwa mahali po pote, hata nje ya mipaka, hata usiku, akija kusema siku ile ile asiadhibiwe kwa kutoka kwake. Nawasihi walimu wenzangu walikubali hili kuliko yote. Tundu la ua tutaliziba kwa seng'enge. Mwanafunzi aliyekufa hatutamrudisha kwa lo lote.

La nne ni lenu, wanafunzi. Msimpige mawe mbwa aliyelala. Msimsogelee mbwa alaye, wala mwenye watoto. Mbwa akiwajia, simameni wima, msikimbie. Mkiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15 kwa saa, kisha nendeni hospitali, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Na wale ambao dini yao huwataka wajitahadhari na mate ya mbwa, wasilazimishwe kuwagusa. Kazi ya daftari yawatosha.

Najua kwamba baadhi ya wazazi watasema: Mwalimu huyu amekaa Ulaya, amerudi na mapenzi ya mbwa. Sivyo. Ulaya ndiko nilikoona watu wenye fedha, wenye polisi wengi na wenye sheria zilizopigwa chapa vizuri, wakihangaika miaka 30 na swali hili: ni jamii gani tuikataze? Na kila mpaka una jibu lake. Sisi tuna bahati ya kuanza upya, na kuuliza swali jingine: ni nani aliyemfuga, na je, amemchanja?

Mzee yule wa Hannover aliniandikia barua baadaye. Alisema kwamba Aslan amezeeka, lakini kila jioni huhesabu kondoo kwa pua yake kabla ya kulala. Nilifurahi. Kisha nikafikiri kwamba lau tungalipatwa na ajali barabarani Denmark, gari likaharibika tukalazimika kukaa huko, labda barua ile isingalikuwa na habari hiyo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi walimu twaishi kwa neno hilo kila siku. Hatumpokei mwanafunzi kidato cha kwanza kwa kumtazama meno. Basi wazazi, mtakapokutana muhula ujao, nawaomba kabla ya kupiga makofi mlifikirie jambo hili tena.

Mwalimu wenu wa Baiolojia.